Zabibu Moja, Majina Mawili: Jinsi Mahali Panavyoulea Mzabibu wa Syrah

1. Utangulizi

Jina la Shiraz si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mapokeo ya Kilwa yanasimulia kwamba waasisi wa utawala wa mji ule walivuka bahari kutoka Shiraz, nchini Uajemi, na hadi leo wako watu wa pwani na visiwani wanaojiita Washirazi. Jina hilohilo limepewa pia mzabibu mmoja uzaao zabibu nyeusi za kutengenezea divai. Nchini Australia mzabibu huo huitwa Shiraz. Nchini Ufaransa, ulikotoka kabla ya kufika Australia, huitwa Syrah. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba nao ulitoka Uajemi, ukiwa mikononi mwa mpiganaji wa vita vya msalaba aliyechoka na vita, akajenga kikanisa juu ya kilima kando ya mto Rhône, akaishi huko kama mtawa. Kilima hicho kinaitwa Hermitage, yaani makao ya mtawa.

Sayansi ya vinasaba imeyapima masimulizi hayo mawili, na majibu yake yamepishana. Kwa upande wa watu, uchunguzi wa mifupa kutoka katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wa waliozikwa humo walikuwa na nasaba ya Kiafrika hasa kwa upande wa kike na nasaba ya Kiajemi hasa kwa upande wa kiume, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mapokeo, basi, yalikuwa na chembe ya ukweli. Kwa upande wa mzabibu mambo ni kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Davis, huko California, na wenzao wa Montpellier waligundua wazazi wa Syrah: mmoja ni Dureza, zabibu nyeusi ya eneo la Ardèche, na wa pili ni Mondeuse Blanche, zabibu nyeupe ya Savoie. Wote wawili ni wenyeji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Syrah haikuvuka bahari yoyote ili kufika Rhône. Ilizaliwa jirani na hapo.

Hata hivyo, mtu akionja divai ya Syrah ya Rhône na divai ya Shiraz ya bonde la Barossa nchini Australia, aweza kuapa kwamba hizi ni zabibu za koo mbili tofauti. Ya kwanza kwa desturi ni kavu, ina uchachu wa kuamsha ulimi, na inanukia pilipili manga na moshi. Ya pili ni nzito, nyeusi, yenye ladha ya matunda yaliyoiva mno, na kileo chake ni kikali zaidi. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Makala hii inakusudia kueleza namna malezi ya mahali yanavyoijenga tabia ya zabibu hiyo, na kwa nini jambo hilo limekuwa zito zaidi katika siku hizi za kuongezeka kwa joto duniani.

2. Mmea mmoja, mashamba mengi

Mkulima wa zabibu hapandi mbegu. Mbegu ya zabibu, kama mtoto wa binadamu, huchanganya damu ya wazazi wawili na kutoa mmea mpya usiofanana nao. Mkulima hukata kipande cha tawi na kukitia udongoni, kama afanyavyo mkulima wa mihogo. Kipando hicho si mtoto wa mzabibu wa kwanza, bali ni mzabibu uleule ulioendelezwa. Mwaka 1832 James Busby alipeleka Australia mkusanyiko mkubwa wa vipando kutoka Hispania na Ufaransa, na ndani yake mlikuwamo Syrah ya Hermitage. Ni kweli kwamba mmea uliokatwa na kupandwa tena kwa karne nyingi hupata mabadiliko madogo ya vinasaba hapa na pale. Lakini mabadiliko hayo hayatoshi kueleza umbali uliopo kati ya divai za pande hizi mbili. Sababu kubwa haina budi kutafutwa nje ya mmea.

Wafaransa wana neno moja, *terroir*, ambalo hukusanya udongo, mwinuko, jua, maji, upepo, na hata desturi za wakulima wa mahali fulani. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, lakini kina kitu ambacho Kifaransa hakina, nacho ni ngeli ya mahali. Msemaji wa Kiswahili aweza kusema “mahali pameulea mzabibu”, na pahali hapo pakawa mtendaji wa tendo, penye upatanisho wake wa kisarufi. Katika kurasa hizi usemi huo unachukuliwa kwa maana yake ya waziwazi: mahali hutenda, na utendaji wake waweza kupimwa.

3. Jinsi tunda linavyoiva

Katika nchi zenye majira manne, mzabibu hulala wakati wa baridi. Majani hupukutika, na akiba ya chakula hukaa katika shina na mizizi. Wastani wa joto la siku ukifikia nyuzi 10 hivi za Selsiasi, macho ya matawi huamka na kuchipua. Maua hufuata, kisha matunda madogo ya kijani, magumu na makali mdomoni. Katika kipindi hiki cha kwanza tunda hujenga asidi pamoja na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi ulimini. Baadaye ukuaji hupungua kwa muda mfupi, ndipo tunda hulainika na kuanza kugeuka rangi.

Kuanzia hapo mambo manne huendelea kwa pamoja, lakini si kwa mwendo mmoja. La kwanza ni sukari, ambayo hutengenezwa na majani na kumiminwa ndani ya tunda. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu, zikichachuka, hutoa asilimia moja ya kileo. Hivyo zabibu zenye gramu 204 kwa lita hutoa divai ya asilimia 12, na zenye gramu 255 hutoa ya asilimia 15. La pili ni asidi, ambayo hupungua. Asidi iitwayo ya maliki hutumiwa na tunda lenyewe katika kupumua, na joto likizidi matumizi hayo huenda mbio. La tatu ni rangi, ambayo hujengwa ndani ya ganda; mwanga huisaidia, lakini joto linalozidi nyuzi 35 huizuia. La nne ni harufu, ambazo baadhi yake huja mwishoni kabisa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika mahali penye joto jingi, sukari hukimbia na asidi hutoweka, ilhali ukakasi na harufu havijakomaa. Mkulima akivuna mapema, hupata divai yenye ukakasi mbichi. Akisubiri, hupata divai tamu kwa pua lakini nzito kwa kileo na pungufu ya uchachu. Katika mahali penye ubaridi wa kadiri, mambo hayo manne huwahi kukutana. Wakulima wa kahawa katika milima ya Kivu wanalifahamu jambo hili kwa njia yao: arabika ya nyanda za juu huiva polepole, na ladha yake husifiwa kuliko ya mabondeni. Lakini ubaridi ukizidi kipimo, tunda haliivi kabisa. Tabia ya Syrah hutegemea mahali iliposimama kati ya mipaka hiyo miwili.

4. Miteremko ya Rhône

Mto Rhône, ukishatoka Lyon, hushuka kusini kuelekea bahari ya Mediterania. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kwenye latitudo ya 45 hivi, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa karibu na mpaka ambapo Syrah iliweza kuiva kwa uhakika. Kwa sababu hiyo wakulima wa zamani hawakupanda popote. Walitafuta mahali ambapo umbo la nchi linaongeza jua.

Karibu na kijiji cha Ampuis mto unapinda kuelekea kusini-magharibi, na mteremko wa ukingo wa kulia hutazama kusini-mashariki. Mteremko huo huitwa Côte-Rôtie, maana yake mteremko uliochomwa na jua. Ni mkali mno: penye makali zaidi unazidi asilimia 60, na udongo wake mwembamba juu ya mawe ya shisti hushikiliwa na kuta za mawe zilizojengwa kwa mikono. Mteremko unaolitazama jua hupokea miale yake karibu wima, hata majira yanapoanza kupoa. Mawe hushika joto la mchana na kulirudisha jioni, na hewa baridi ya usiku huteremka bondeni kama maji badala ya kutuama juu ya mizabibu. Jiografia imefanya hapo kazi ambayo hali ya hewa ya eneo zima isingeweza kuifanya.

Kusini zaidi, penye mji wa Tain, mto unazunguka kilima cha Hermitage, na kilima hicho kinatazama kusini moja kwa moja. Eneo lake lote la mizabibu halizidi hektari 140, yaani ni dogo kuliko mashamba mengi ya mwenye mali mmoja katika nchi nyingine. Hata hivyo udongo wake haufanani. Upande wa magharibi ni mwamba wa graniti uliomomonyoka; katikati kuna kokoto za mviringo zilizoletwa na maji ya kale; kwingine kuna chokaa na vumbi lililopeperushwa na upepo zamani za barafu. Divai ya penye graniti husifiwa kwa ukakasi wake ulionyooka, na ile ya penye kokoto kwa utimilifu wake. Wakulima mashuhuri wa kilima hicho wamezoea kuchanganya divai za vipande mbalimbali, kama mpishi anayejua kila kiungo kimetoka wapi.

Mlezi mwingine ni upepo. Upepo wa kaskazini, uitwao mistral, huvuma kwa nguvu bondeni humo. Baada ya mvua huyakausha majani na vichala, na kuvu lisipate nafasi ya kuota. Lakini huleta pia hasara, kwani chipukizi za Syrah ni ndefu na huvunjika kwa urahisi. Ndiyo maana kwenye miteremko hiyo mizabibu hufungwa mmoja mmoja kwenye miti ya kuegemea. Kazi hiyo haifanyiki kwa trekta. Baada ya vita vya pili vya dunia vijana wengi walikimbilia viwandani na kwenye mashamba tambarare ya matunda, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 mizabibu ya Côte-Rôtie ilikuwa imepungua hadi chini ya hektari 100. Leo imezidi hektari 300, kwa kuwa bei ya divai yake ilipanda na kuweza tena kulipa jasho la mteremko. Mahali, basi, si mawe na jua tu. Hupotea mikono inapoondoka.

5. Bonde la Barossa

Barossa iko kusini mwa Australia, kaskazini-mashariki ya mji wa Adelaide, kwenye latitudo ya 34 hivi kusini mwa ikweta. Walowezi wa Kijerumani waliokimbia mabishano ya dini huko Prussia walianza kukaa humo mwaka 1842, na lipo shamba ambalo mizabibu yake ya Shiraz, iliyopandwa mwaka 1843, inaendelea kuzaa. Uzee huo una sababu yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, alaye mizizi, aliangamiza mashamba ya Ufaransa, na tangu hapo mizabibu ya huko haina budi kuunganishwa juu ya mizizi ya Kiamerika. Sehemu hiyo ya Australia ilijilinda kwa sheria kali za kuzuia mimea kutoka nje, na mdudu huyo hakufika. Hivyo Syrah ya kale kabisa, iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, hutafutwa leo Australia na si Ufaransa.

Mvua za Barossa hunyesha zaidi wakati wa baridi. Kiangazi ni kikavu, chenye anga jeupe na joto kali. Mavuno hufanyika kati ya Februari na Aprili. Sukari hupanda bila taabu, na divai yenye kileo cha zaidi ya asilimia 14 ni jambo la kawaida. Asidi hupungua kiasi kwamba mara nyingi mtengenezaji huiongeza mwenyewe. Ganda hukomaa, ukakasi hulainika, na ladha ya matunda huelekea ile ya matunda yaliyopikwa. Mizabibu mizee hustahimili ukame kwa mizizi yake mirefu. Huzaa vichala vichache, lakini vilivyoshiba.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba tofauti hiyo ni ya mataifa. Mashariki ya bonde hilo kuna Eden Valley, nyanda zenye mwinuko wa mita 400 hadi 500 na zaidi, ilhali mashamba mengi ya bondeni yako chini ya mita 300. Jua ni lilelile na wakulima ni walewale. Lakini huko juu usiku ni baridi zaidi, mavuno huchelewa, na divai hubaki na uchachu pamoja na harufu ya viungo inayokumbusha Rhône. Mwendo mfupi kwa gari watosha kubadili tabia ya zabibu kuliko safari nzima ya baharini kutoka Ulaya.

6. Ushahidi wa pilipili manga

Kwa miaka mingi waonjaji walitaja harufu ya pilipili manga katika divai ya Syrah, na wengine wakadhani kuwa ni usemi wa kupamba tu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walichapisha jibu. Harufu hiyo hutokana na kitu kimoja halisi, rotundoni, na kitu hichohicho ndicho kinachotoa harufu ya pilipili manga yenyewe. Jina lake limetokana na jina la kisayansi la ndago, lile gugu linalowachosha wakulima wa Afrika, kwa kuwa kilitambuliwa kwanza katika vinundu vya mmea huo. Pua ya binadamu huweza kukihisi ndani ya divai nyekundu kikiwa nanogramu 16 tu katika lita moja, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Lakini watu wapatao mmoja kati ya watano waliojaribiwa hawakukihisi hata kilipozidishwa mno. Watu wawili wakweli waweza basi kubishana juu ya glasi moja, na wote wawili wakawa wanasema kile wanachokinusa.

Jambo lenye maana zaidi ni namna kitu hicho kinavyoitikia mahali. Rotundoni hujengwa ndani ya ganda la zabibu, hasa katika majuma ya mwisho ya kuiva. Huongezeka katika miaka ya ubaridi na mvua, na hupungua kadiri saa za joto linalozidi nyuzi 25 zinavyoongezeka. Katika shamba moja, sehemu zenye kivuli huwa nayo zaidi. Hata katika kichala kimoja, zabibu za juu na za upande wa kivulini zina pilipili kuliko zile zilizotazama jua. Mkulima akiondoa majani ili jua lipenye, huipunguza. Kwa hiyo harufu ya pilipili manga katika divai ni kama kumbukumbu ya joto iliyoandikwa na tunda lenyewe: hueleza jua liliwaka kiasi gani juu ya kichala kile katika majuma yake ya mwisho.

7. Udongo na mkono wa mtu

Wapenzi wa divai husema mara nyingi kwamba divai ya penye graniti ina ladha ya jiwe. Usemi huo unapendeza, lakini ukichukuliwa neno kwa neno si sahihi. Mizizi hainyonyi mwamba. Hunyonya maji na madini machache yaliyoyeyuka ndani yake. Harufu za divai hutengenezwa na mmea wenyewe, na baadaye na hamira wakati wa kuchachuka. Udongo hutenda kwa njia nyingine, na hasa kwa kuyatawala maji. Udongo mwembamba wa mteremko huyaachia maji yapite upesi. Mzabibu unaohisi kiu ya wastani huacha kurefusha matawi na kuelekeza nguvu zake kwenye matunda. Zabibu huwa ndogo, na zabibu ndogo ina ganda jingi kwa kulinganisha na maji yake. Na ganda ndilo ghala la rangi, ukakasi na pilipili. Katika udongo wenye rutuba na maji mengi, mzabibu huota majani tele, vichala hufunikwa, na divai huwa nyepesi isiyo na sura. Kiu nayo ikizidi, majani hufunga vinyweleo vyake na kuiva husimama, na zabibu za Syrah hunyauka zingali tawini. Hapa pia kipimo ndicho kila kitu.

Juu ya hayo kuna mkono wa mtu: namna ya kupogoa, wingi wa vichala vinavyoachwa, siku ya kuvuna, na uamuzi wa kuchachusha zabibu pamoja na vikonyo vyake au bila vikonyo. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Dodoma, katikati ya Tanzania, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, ambako zabibu za divai, Syrah ikiwa mojawapo, hulimwa katika nchi kame iliyo karibu na ikweta. Huko hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeuamuru kwa kisu: huukata matawi, nao huchipua upya, na hivyo aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kile ambacho Rhône hufanywa na majira, Dodoma hufanywa na kalenda ya mkulima. Mwinuko hupunguza joto, lakini siku za Dodoma hazirefuki wala kufupika sana kama za Ulaya. Kwa hiyo mtu asitegemee kwamba kipando kilekile kitatoa huko nakala ya Hermitage. Kitatoa divai ya Dodoma, na ubora wake wafaa kupimwa kwa kipimo cha mahali pale.

8. Jina ni la nani?

Mambo haya yana uzito nje ya shamba pia. Katika sheria za Ufaransa, zilizowekewa msingi mwaka 1935, jina la divai bora ni jina la mahali. Hermitage ilipata ulinzi huo mwaka 1937. Chupa haikulazimika kutaja zabibu. Ilidhaniwa kwamba atajaye mahali amekwisha kutaja tabia. Waaustralia kwa muda mrefu walilitumia neno Hermitage kama jina jingine la zabibu yenyewe, hata divai yao mashuhuri kuliko zote iliitwa Grange Hermitage. Mwaka 1994 Australia na Jumuiya ya Ulaya zilitia sahihi mkataba wa biashara ya divai uliokomesha matumizi ya namna hiyo, na kuanzia mavuno ya mwaka 1990 divai hiyo huitwa Grange tu. Mabishano yalikuwa ya kibiashara, lakini chini yake palikuwa na swali la lugha na la maumbile: je, neno Hermitage linataja mmea unaoweza kusafiri, au pahali pasipoweza kusafiri?

Mkataba ulijibu kwamba linataja pahali. Lakini mahali penyewe panabadilika. Kumbukumbu ndefu zaidi ya aina hii nchini Ufaransa inatoka Beaune, kaskazini ya Lyon, ambako tarehe za kuvuna zimekusanywa tangu mwaka 1354. Mizabibu ya huko si Syrah, lakini inahesabu joto lilelile: tangu mwaka 1988 mavuno yameanza kwa wastani siku 13 hivi mapema kuliko katika karne zote zilizotangulia. Katika joto kali la mwaka 2003 wakulima wengi wa Ufaransa walivuna mwezi wa Agosti. Mwezi wa Aprili 2021 madhara yalikuja kwa mlango mwingine: joto la Machi liliamsha macho ya mizabibu mapema, kisha jalidi likaangamiza chipukizi katika sehemu nyingi za nchi, bonde la Rhône likiwamo.

Mteremko uliochaguliwa zamani kwa sababu uliongeza jua katika nchi yenye ubaridi, leo waweza kuwa na jua la ziada. Wakulima wanatafuta dawa: kuacha majani zaidi yafunike vichala, kuvuna mapema, kupanda sehemu za juu zilizodharauliwa na babu zao. Lakini mipaka ya jina imechorwa na sheria, na kilima hakiwezi kusogezwa kaskazini. Pilipili ikipungua na kileo kikizidi, jina litabaki juu ya chupa huku tabia iliyolipatia sifa ikiyoyoma. Wakati huohuo wakulima kadhaa wa Australia walio katika maeneo ya ubaridi wameanza kuandika Syrah badala ya Shiraz juu ya chupa zao, ili kumjulisha mnunuzi kwamba divai iliyomo ni ya mtindo wa Rhône. Majina mawili ya mmea mmoja yanageuka kuwa majina ya malezi mawili.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba Syrah haikubeba tabia yake yote ndani ya vinasaba. Vinasaba huweka mipaka ya yale yawezayo kutokea, na mahali huchagua kati ya hayo, kwa joto, mwanga, maji, upepo na mkono wa mkulima. Imeonekana pia kwamba uteuzi huo si fumbo: sukari hupimwa kwa gramu, na pilipili kwa nanogramu. Methali ya mtoto na malezi inasimama, ila inahitaji nyongeza moja. Mlezi naye hazeeki bila kubadilika. Anayetaka kuijua zabibu hii kesho hatatosheka kusoma jina la kilima juu ya chupa. Itambidi aulize pia kilima hicho kilipata joto kiasi gani mwaka ule.